Ukurasa wa Shukrani

Mwalimu Nurudini alikuwa na rula ya chuma, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliiogopa rula ile kuliko mtihani. Ukimpelekea insha yako ya utafiti hakuanza kwa kusoma. Alianza kwa kupima. Pambizo ya kushoto sentimita nne, kwa kuwa huko ndiko kitabu kitakakobanwa. Ya kulia mbili na nusu. Juu na chini vivyo hivyo. Akimaliza pambizo anahesabu mistari, akimaliza mistari anatazama namba za kurasa, za kirumi mwanzoni, za kawaida kuanzia sura ya kwanza. Pakizidi au kupungua hata unene wa ukucha, anakurudishia karatasi kwa ncha ya rula, bila kuzigusa kwa mkono, na kusema, "Kapange, ndiyo uje."

Felisiani Mpawenimana alikuwa ameambiwa akapange mara sita.

Hakuna anayesema kazi ya kisomi isiwe na adabu. Hata harusini mtu haendi na shati alilolivaa ndani nje. Lakini wapo watu ambao wakishaona shati limepigwa pasi hawana haja tena ya kujua ndani yake kuna nani, na chuo kile cha Kasulu kilikuwa kimejaliwa watu wa namna hiyo. Katika mara zote sita, Mwalimu Nurudini hakumuuliza Felisiani hata siku moja nyimbo zile zinasema nini.

Maana insha ilikuwa ya nyimbo. Bembelezi, zile za kumtuliza mtoto alale, ambazo kwao Felisiani huitwa ibihozo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wangali watoto wa kubebwa, wakakulia Kibondo, wakapata uraia, wakalima mpaka mvi zikawatoka, na mama yake alizijua bembelezi tatu tu, tena nusunusu. Felisiani akaona zinakwisha. Likizo ndefu akaenda Rungwe Mpya, upande wa Kasulu, akakaa kwa mjomba wake miezi miwili, akawa anawazungukia bibi wa kijiji na daftari mkononi na simu ya kurekodia. Alipata bibi watano. Wanne walimpa wimbo mmoja mmoja, aliyezidi sana mbili. Yule wa tatu alimpa nyimbo kumi na moja, na hizo ndizo alizoziandikia insha.

Kijiji kizima kilimwita Bibi Agneta, na siku mbili za kwanza Felisiani naye alimwita hivyo. Siku ya tatu, wakiwa wamekaa uani wakichambua maharage, bibi akamkatiza katikati ya swali.

"Agneta si mimi," alisema. "Agneta alikuwa mtoto wa wale walionipokea. Alikufa kwa homa mwaka uleule nilioingia. Watu wakaja kuuliza nani wa hapa na nani kavuka. Baba yake Agneta akanishika mkono, akasema huyu ni Agneta wangu. Nikawa Agneta. Miaka hamsini na zaidi, mwana wanje, naitikia jina la maiti."

"Na lako ni lipi, nyogokuru?" Felisiani alimuuliza, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

Alitazama kwanza mlangoni, mazoea hayo, ingawa pale hapakuwa na mtu ila kuku. "Ininahazwe," alisema. "Baba yangu Ndihokubwayo ndiye aliyenipa."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Humo mlikuwa na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, kadi ya kupigia kura na kitambulisho cha taifa. Agneta, Agneta, Agneta. Hata watoto wake sita, walipoandikishwa shule, waliandika hilo kwenye mstari wa mama.

"Karatasi zangu zote ni za marehemu," alisema bibi. "Na nyimbo hizi hakunipa Agneta. Agneta alikufa hajabeba mtoto mgongoni. Alinipa mama yangu, akanipa mimi, Ininahazwe. Ukitaka kuzitia kitabuni, zitie na mwenyewe. Nataka karatasi moja iwe yangu kabla sijafa."

Felisiani hakuahidi tu, aliapa, mkono juu ya Biblia ya bibi. Kijana wa miaka ishirini na minne huapa upesi. Naye alimaanisha kila neno, hilo asinyimwe.

Ni baada ya kiapo hicho bibi alipomwimbia wimbo wa kumi na moja. Wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Ulikuwa mguno wa mdomo uliofumbwa, wa chini sana, aliomwimbia kifunguamimba wake wakiwa wamejificha kwenye matete ya Malagarasi, usiku wa kuvuka, asilie watu wakasikia. Mtoto yule hakufika upande wa pili. Bibi alimaliza kuguna, akarudi kwenye maharage yake, na Felisiani akazima simu.

Mwalimu Nurudini alipofika kwenye wimbo huo aligonga ukurasa kwa rula.

"Hapa pana nusu ukurasa mtupu."

"Wimbo hauna maneno, Mwalimu. Ni mguno. Nimeeleza chini yake."

"Kama hauna maneno, hauna data. Nafasi tupu hairuhusiwi. Utoe."

Felisiani akautoa. Alijiambia kuwa kumi zilizobaki ni nyingi, na kwamba siku moja atauandika mahali pengine. Mtu akishakubali kukatwa kidole cha kwanza, cha pili hakimwumi sana.

"Halafu hili jina," Mwalimu aliendelea. "Wahojiwa hawatajwi. Ni Mhojiwa wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu. Soma mwongozo."

"Mwenyewe ameomba atajwe, Mwalimu."

"Mhojiwa haombi. Analindwa." Na hapo, haki isemwe, Mwalimu hakuwa mjinga. "Unaniambia bibi huyu ana jina moja kwenye kitambulisho na jingine mdomoni. Ukiliandika, akatokea mtu mwenye nia mbaya akalisoma, nani atakwenda kumtetea? Wewe?"

"Anasema ana miaka sabini na moja, wamrudishe wapi."

Mwalimu Nurudini akamtazama kwa mara ya kwanza, yeye na si karatasi. Akakohoa. "Kwenye sura, hapana. Lakini Shukrani ni ukurasa wako. Ule hatuusahihishi. Huko mshukuru hata mbuzi wenu, ilimradi pambizo zikae."

Felisiani alitoka ofisini mle kama mtu aliyepewa shamba. Jioni hiyohiyo alichana karatasi kwenye kaunta buku lake akaandika Shukrani, akaifuta, akaiandika tena, mara nne. Ya nne ilisomeka hivi: "Nyimbo zote zilizomo humu ni za Bibi Ininahazwe, binti wa Ndihokubwayo, mkazi wa Rungwe Mpya. Alizipokea kwa mama yake. Mimi nimeziandika tu." Akaona zaidi ya hapo ni maneno ya bure.

Kisha akampigia Pasikali, jirani yake bibi mwenye simu, naye akaipeleka simu uani.

"Ni ukurasa wa nne, nyogokuru. Mwanzoni, kabla ya sura zote. Jina lako na la baba yako."

"Wataisoma lini hiyo?"

"Ijumaa ijayo tunawasilisha mbele ya walimu. Wageni wanaruhusiwa."

"Nitakuja nilisikie," alisema bibi.

Sasa, kazi ya kuchapa na kupanga ilikwenda kwa Shamsia, Kibondo. Stesheneri yake iko karibu na soko, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kudurufu na pazia la kijani. Wanafunzi wa Kasulu waliziacha stesheneri chungu nzima za mjini wakapanda gari kumfuata huko, kwa sababu moja tu: kazi iliyotoka kwa Shamsia, rula haikuirudisha. Siri yake wala haikuwa siri. Mwaka juzi alimpangia kazi mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa akijiendeleza, mtu mzima mwenye familia, na kazi ile ikapita rula kwa mara ya kwanza, jambo ambalo chuoni halikuwa limewahi kuonekana. Tangu siku hiyo Shamsia hakuanza kazi ya mtu upya. Alifungua faili lile, akalitoa matumbo, akamimina humo insha ya mteja mpya. Pambizo zimekwisha kaa, namba zimekwisha kaa. Wanafunzi waliliita faili hilo sufuria, na kila mmoja alipikiwa humo.

Felisiani alikuwa akiyajua hayo. Ndiyo maana alikwenda.

"Kurasa za mbele ninazo tayari, mdogo wangu," Shamsia alimwambia bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa mchangamfu, mwenye mkono mwepesi, na asili yao ni Ujiji, kwa hiyo hata akikuharakisha anakuharakisha kwa maneno matamu. "Tamko, ithibati, hakimiliki, shukrani. Nabadilisha jina na mwaka tu. Zote huwa zinafanana."

"Shukrani yangu nimeiandika mwenyewe, dada. Ni karatasi hiyo."

"Iweke hapo."

Akaiweka hapo, juu ya rundo la karatasi za watu wengine, na pale rundo lilipokuwa palikuwa na feni.

Feni haikuwa na neno wakati ule, kwani umeme ulikuwa umekatika. Ulikatika Jumanne, ukarudi Alhamisi saa nne asubuhi, siku yenyewe ya mwisho. Nakala mbili zilitakiwa ofisini Kasulu kabla ya saa kumi na moja jioni, na gari ambalo lingemwahisha Felisiani lilikuwa la saa nane. Mbele yake palikuwa na watu kumi na wawili: wa vyeti vya kuzaliwa, wa barua za maombi ya kazi, mmoja wa tangazo la mnada wa ng'ombe. Feni ikazunguka, karatasi zikapepea, Shamsia akawa anazidaka kwa kiwiko huku akichapa. Saa saba na nusu insha ya Felisiani ikaanza kutoka mashineni, ina joto kama mkate.

"Kagua kabla sijabana," alisema Shamsia. "Nikishabana sifungui, spairo hizi zinakatika."

Felisiani akatoa rula kwenye begi. Ndiyo, alikuwa amejinunulia yake. Akasimama kwenye kona ya meza akapima ukurasa mmoja baada ya mwingine, kurasa sabini na mbili, midomo ikichezacheza. Alipofika ukurasa wa nne, wenye neno SHUKRANI katikati kwa herufi nzito, alipima kushoto, sentimita nne. Akapima kulia, mbili na nusu. Akahakikisha namba ya kirumi iko chini, katikati. Ilikuwepo. Akageuza. Mtu huyu alikuwa ameandika ukurasa huo mara nne kwa mkono wake, na ulipomjia kwenye karatasi nyeupe nzuri alichokitafuta ni nafasi zisizoandikwa kitu.

"Safi, dada," alisema. "Bana."

Gari liliwahi. Saa kumi na dakika ishirini Felisiani alikabidhi nakala mbili ofisini, akatia sahihi kwenye daftari. Nakala ya tatu, yake mwenyewe, aliifunga kwenye nailoni kwa ajili ya vumbi, na hakuifungua, asije akaitia doa kabla ya wasilisho.

Ijumaa bibi alifika chuoni kabla ya wanafunzi wenyewe. Alikuja kwa pikipiki kutoka Rungwe Mpya, amevaa kitenge kipya na kilemba cheupe, na mikononi amebeba kikapu cha maharage. Alishuka akishika kiuno, akasimama kidogo mpaka miguu ikamrudia.

"Amahoro, mwana wanje. Nimekuja."

"Karibu, nyogokuru. Umeamkaje?"

"Sikulala. Nitaamkaje?"

Akamkalisha safu ya pili. Meza ya mbele walikaa wasahihishaji watatu: Mwalimu Nurudini, Mwalimu Kuruthumu ambaye ndiye mkuu wa idara, na mgeni kutoka chuo kingine aliyekuwa akisinzia tangu mwanafunzi wa kwanza. Felisiani alipewa dakika kumi na tano, na alizitumia vizuri. Slaidi zilikuwa na herufi za kusomeka, sauti haikutetemeka. Mhojiwa wa Tatu anaimba hivi. Mhojiwa wa Tatu anaeleza kwamba. Kwa mujibu wa Mhojiwa wa Tatu. Bibi alisikiliza kwa makini, kisha akamwinamia msichana aliyekaa kando yake.

"Huyo Mhojiwa ni wa kijiji gani?" alinong'ona. "Nyimbo zake zinafanana na zangu."

Msichana akatabasamu.

Maswali yalipokwisha Mwalimu Kuruthumu alivua miwani. "Na huyu mama yetu mwenye kilemba?"

"Ndiye aliyenipa nyimbo, Mwalimu. Ametoka Rungwe Mpya."

"Kumbe! Shikamoo, mama. Basi Felisiani, msomee Shukrani, tumalizie kwa heri."

Mwongozo haukusema Shukrani zisomwe, na Mwalimu Nurudini alinyanyua nyusi, lakini mkuu wa idara ni mkuu wa idara. Felisiani akafungua nakala yake kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata tena maishani kwa sababu ya karatasi.

"Shukrani," alisoma kwa sauti. "Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya njema."

Hakuwa ameandika hivyo. Macho yakatangulia sauti, yakakimbilia mstari wa pili. Pili, namshukuru mke wangu mpenzi Firdausi, na wanetu Isihaka na Mansuri, kwa kunivumilia kipindi chote nilichokuwa mbali nao. Felisiani hakuwa na mke. Hakuwa hata na mchumba. Akashuka hadi mstari wa mwisho, akapanda tena juu, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Shukrani zilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule fulani, kwa wanafunzi wenzake, kwa wazazi waliomlea katika maadili mema. Ininahazwe hakuwemo. Chumba kizima kikawa kinamsubiri, na safu ya pili bibi alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili.

Basi akadanganya. Aliinamisha uso kwenye ukurasa wa mume wa Firdausi akasema kutoka kichwani, neno kwa neno, vidole vikisogea kana kwamba anasoma: "Nyimbo zote zilizomo humu ni za Bibi Ininahazwe, binti wa Ndihokubwayo, mkazi wa Rungwe Mpya. Alizipokea kwa mama yake. Mimi nimeziandika tu."

Bibi alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akapiga vigelegele, vya sauti iliyopasuka ya kizee, na wanafunzi wakampokea kwa makofi, hata yule mgeni akazinduka na kupiga. Mwalimu Kuruthumu alijifuta jicho. Mwalimu Nurudini peke yake hakupiga makofi, maana mikono yake ilikuwa na kazi: alikuwa amefungua nakala yake ukurasa wa nne.

Nje, kwenye ngazi, bibi alinyoosha kidole cha shahada. "Nionyeshe lilipo."

Felisiani akafungua. Kidole kilikuwa kigumu, kina udongo mweusi kwenye mikunjo usiotoka kwa sabuni. Akakishika akakiweka juu ya neno Firdausi. Bibi, ambaye hakujua kusoma, akalipapasa, polepole, kutoka kushoto hadi kulia, kama anayempapasa mtoto usoni.

"Na la baba?"

Akamwekea juu ya Mansuri.

"Nipe nikae nacho," alisema bibi. "Jumapili mchungaji atalisoma mbele ya kanisa. Nimeshamwambia. Wote walioniita Agneta watakuwepo, na wanangu wanakuja, hata yule anayekaa Kasanda anakuja."

Hapo uongo ukafika ukingoni. Felisiani alimwona mchungaji akifungua kitabu, kanisa limejaa, watoto sita wamekaa benchi la mbele. "Nyogokuru," alisema, "halimo."

Akamweleza. Alimweleza habari za Shamsia, za umeme, za faili linaloitwa sufuria. Maneno ya kompyuta bibi hakuyaelewa wala hakujaribu. Alikuwa amekiondoa kidole kwenye karatasi na kukifumbata.

"Walipokutolea hizi karatasi, hukuzisoma?"

"Nilizipima."

"Sikuulizi kupima."

Felisiani akakifunga kitabu.

"Ingia ukawaambie," alisema bibi. "Waambie wamekosea, waweke jina. Mimi nipo hapa."

Akaingia. Wengine walikuwa wametoka, Mwalimu Nurudini alibaki akijaza fomu za alama. Hakunyanyua kichwa.

"Mke wako Firdausi hajambo?"

Felisiani akasogea mezani. "Mwalimu, naomba nibadilishe ukurasa mmoja tu. Nitachapa upya leo hii."

"Kaa. Sikiliza vizuri, sitarudia." Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kwenye Tamko umetia sahihi kwamba kila neno humu ni lako. Ukurasa wa nne ni wa mtu mwingine, kuanzia nukta hadi nukta, na mtu huyo namjua, nilimsahihisha mimi. Ukinijia rasmi, huo ni wizi wa kitaaluma. Insha inafutwa, unarudia mwaka. Usiponijia rasmi, mimi Shukrani sisahihishi. Nilikwambia tangu mwanzo." Akaichukua tena kalamu. "Sasa. Umenijia rasmi?"

Mwaka mzima. Mama yake alikuwa ameshawatangazia ndugu wa Kibondo wote kwamba mwanawe amemaliza. Wenzake wangepangiwa vituo vya kazi, yeye angebaki akikaa dawati moja na wa chini yake, akieleza kila siku kwa nini. Felisiani alifikiri, na aibu yenyewe ni kwamba hakufikiri sana. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kusoma ukurasa.

"Hapana, Mwalimu."

"Vizuri. Ila mpangilio wako ni safi kabisa. Kwenye mpangilio nimekupa alama zote." Alisema hivyo kwa wema, kwa kweli alitaka kumliwaza. "Ukitoka rudishia mlango."

Bibi alikuwa bado amesimama palepale kwenye ngazi, kikapu miguuni.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, nyogokuru."

Bibi alimtazama. Alimtazama muda mrefu, bila hasira, kama anayetafuta kwenye uso ule yule kijana wa uani. "Nimeishi na kuficha miaka hamsini," alisema. "Namjua mtu anayeficha anavyosimama. Hukuwaambia."

Felisiani akainamisha kichwa.

"Mimi nilipolificha, nilijua nimeliweka wapi. Nililitunza. Wewe nimekupa siku moja umelipoteza." Akanyoosha mkono. "Haya, nipe nyimbo zangu."

"Nyogokuru, zile nyingine mbili ziko ofisini, siwezi..."

"Nipe ulizonazo."

Nyimbo zilianzia ukurasa wa thelathini na moja. Felisiani alizichana moja moja, na kila ukurasa ulipoachia spairo ulibakiza meno madogo ya karatasi yakaanguka kwenye ngazi. Bibi alipokea kila mmoja kwa mikono miwili, akaulaza juu ya mwenzake. Zilipokwisha alizikunja, akazisokomeza kifuani ndani ya kitenge. Kikapu alikisogeza kwa mguu mpaka kwa Felisiani.

"Maharage ni yako. Niliyaleta, siwezi kurudi nayo."

Akashuka ngazi peke yake, akivuka uwanja kuelekea kwa kijana wa pikipiki aliyekuwa akimsubiri getini. Felisiani alimwacha afike. Kisha akakimbia mpaka katikati ya uwanja, akaita kwa sauti yake yote, mbele ya wanafunzi na walimu na akina mama wa mandazi:

"Bibi Ininahazwe! Ininahazwe!"

Watu wote waligeuka. Yeye hakugeuka. Alikuwa anapandisha mguu kwenye pikipiki, anatafuta pa kushika.

"Bibi, si unaitwa wewe?" aliuliza kijana.

"Si mimi," alisema bibi. "Mimi naitwa Agneta. Twende."